Majirani Walivyomtetea Nabwire

Harufu ya polishi nyekundu ya sakafu hunirudisha Kaloleni hata leo, katika nyumba ya vyumba viwili ambamo Baba, karani wa reli, alitulea. Kwa kawaida Mama alipiga sakafu polishi mara moja kwa mwezi, lakini mwaka nilipokuwa na miaka tisa aliipiga kila wiki, magoti chini, akinung'unika kwa Kisamia. Alichonung'unikia ni kwamba kuna mwanamke wa serikali angekuja, siku isiyojulikana, kuangalia kama nyumba yake inafaa kulea mtoto. Mtoto mwenyewe alikuwa ameketi kitandani, miguu juu, akingoja sakafu ikauke.

Aliitwa Nabwire, alikuwa na miaka sita, na alikuwa binti wa mdogo wake Mama aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, upande wa Uganda. Mama mdogo alifariki, mumewe akiwa ametangulia, na baada ya matanga Mama akavuka Busia na kurudi na mtoto. Kwake mambo yalikuwa yameishia hapo. Nyumbani kwetu mtoto wa dada yako ni wako, na anayemwita wa kulea amewatusi nyote wawili. Lakini Baba alikuwa mtu wa karatasi. Alijua kwamba Nabwire angefika darasa la nane aambiwe hana cheti cha kuzaliwa, na baadaye kitambulisho angekisikia tu kwa wenzake. Akasema lazima tumwasili kisheria, mahakama imtambue kuwa mtoto wetu. "Yaani nimwombe jaji mtoto wa dadangu?" Mama aliuliza, na kwa siku mbili hakumwandalia chai. Baba hakubishana. Alisafiri Uganda mara tatu kutafuta vyeti vya vifo na barua za viongozi wa huko, na mara ya mwisho akarudi na karatasi ya kukubali ambayo nyanya yake Nabwire alikuwa ametia kidole gumba.

Kosa letu tulilifanya kwa mapenzi, na tulilifanya mapema. Wiki ile Nabwire alipofika, Mama alipita kwa majirani akawaomba jambo moja tu, kwamba mtoto huyu asiulizwe alikotoka. Walilishika ombi hilo kuliko alivyotarajia. Kijana mmoja alipomwita Mganda tukicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, mama yake alimchapa kabla sisi hatujafika kushtaki. Baada ya miezi michache nadhani baadhi yao walikuwa wameanza kuamini kwamba kweli Nabwire alizaliwa pale. Hakuna aliyekumbuka kuwaeleza kwamba sasa kulikuwa na kesi, na kwamba kesi hiyo ilitaka ukweli wenyewe tuliouficha.

Afisa wa watoto alifika Jumanne, mwanamke mpole mwenye faili nene. Alikunywa chai, akatazama tunapolala, kisha akatoka kuuliza majirani. Mama Njoki wa mlango wa pili, aliyeuza akala, vile viatu vya matairi, soko la Kariokor, alimpokea kwa bashasha. "Huyu? Huyu amezaliwa hapa hapa, madam. Mimi ndiye nilimpeleka Mama Eunice leba." Mzee wa nyumba ya kona akaongeza kwamba yeye alikula mandazi siku mtoto alipotoka hospitali. Kisha afisa akanigeukia mimi, Eunice mwenyewe, akauliza kama namkumbuka dadangu akiwa mchanga. Nikasema nilikuwa nikimbeba mgongoni. Nilijivunia sana jibu hilo.

Afisa alirudi ndani akafunga faili. "Mama, karatasi zenu zinasema mtoto ametoka Uganda. Mtaa mzima unasema amezaliwa hapa. Nimwamini nani?" Sasa nikiwa mtu mzima namwelewa, kwa maana aliona mtoto aliyevushwa mpaka na watu waliokubaliana kudanganya. Alisema angerudi baada ya wiki moja, na asiporidhika, Nabwire angepelekwa makao ya watoto uchunguzi ukiendelea. Mama aliketi sakafuni na nguo yake nzuri, hakujali polishi. Mimi nilijificha chooni nikalia, kwa sababu nilijua kwamba akipelekwa huko, mdomo wangu pia ungekuwa umesaidia kumpeleka.

Jumapili baada ya kanisa Mama aliwaita majirani kwenye nyasi katikati ya nyumba zetu. Alikuwa amekusudia Nabwire abaki ndani, lakini mtoto alimfuata akasimama kando yake. Mama alianza kueleza habari za sheria, akazunguka, akarudi nyuma, na kila alipofika kwenye neno lenyewe alikwama. Mwishowe akalisema akitazama chini: "Huyu mimi sikumzaa." Nabwire akamwangalia kana kwamba amesema mvua hunyesha. "Najua," akasema. "Mama yangu tulimzika. Sasa niko na wewe." Mama Njoki alijifunika uso kwa leso. Miezi yote ile tulikuwa tukimficha habari ambayo yeye ndiye aliyeijua kuliko sisi sote.

Afisa aliporudi, Mama Njoki alimsubiri mlangoni. "Ile ya leba nilitia chumvi, madam," alisema, na nadhani afisa alizuia kicheko. Kesi ilichukua karibu mwaka mwingine, lakini Nabwire hakuondoka kwetu hata siku moja, na siku jaji alipotia sahihi Baba aliibeba ile amri kwa mikono miwili hadi nyumbani.

Sasa Nabwire na mumewe wameomba kuasili mtoto. Fomu inataka majirani wanaowafahamu, na katika jengo lao la ghorofa nane hakujua hata jina moja la kuandika. Kwa hiyo Jumamosi iliyopita tulikwenda pamoja kubisha mlango ulio mkabala na wake. Mwanamke mmoja akachungulia, mnyororo ukiwa bado umefungwa. "Mimi ni Nabwire wa hapo mbele," dadangu akasema. "Tunataka kuasili mtoto, na mimi mwenyewe niliasiliwa. Nimekuja tujuane." Alilisema hivyo tu, koridoni, kwa mtu asiyemjua, nami niliyesimama nyuma yake niliona haya kama mtoto wa miaka tisa. Yule mwanamke akafungua mnyororo akatuambia tuingie.