Mume Niliyemkalia Eda

Mume wangu alirudi kutoka jeshini wakati mimi nimeshamaliza kumkalia eda. Nalisema hilo tangu mwanzo kwa sababu watu wa Kabambare wameisimulia habari hii kwa namna zao, na wengine wananipamba kama mwanamke wa subira. Subira sikuwa nayo. Nilikuwa mshonaji mwenye cherehani moja na ulimi mkali, na mume wangu alikuwa askari huko mashariki.

Habari ya kifo ilikuja kwa simu. Mwenzake wa kikosi alimpigia kaka wa mume wangu, akasema wameshambuliwa, mume wangu ameanguka, na mwili haukupatikana. Hakuna afisa aliyefika, wala karatasi. Tulingoja, tukachoka kungoja. Akasaliwa akiwa hayupo, khitma ikasomwa, wanawake wakajaa uani, na mimi nikaingia ndani miezi minne na siku kumi. Nguo zake zikatolewa sadaka. Kati ya hizo lilikuwemo shati la kijani lenye mifuko miwili, nililomshonea kwa mkono wangu mwaka tuliooana. Nililipiga pasi vizuri kabla ya kulitoa.

Eda ikaisha, nikarudi kwenye cherehani. Mwezi wa tatu baada ya hapo, mchana, mtu akasimama barazani na mfuko wa plastiki mkononi. Nikadhani ni mteja ameleta kitambaa. Akasema, kwa sauti ya mume wangu, "Mama, niko."

Nilipiga yowe la msibani, na majirani wakaja mbio wakijua kuna aliyekufa.

Kumbe alijeruhiwa kichwani, akabebwa na askari wa kikosi kingine, akalazwa katika mji asioujua, kisha akazungushwa kambi hata kambi. Mwishowe walimpa karatasi yenye muhuri: ameachishwa kazi, sikio la kushoto halisikii na mguu haufai tena kwa safari. Shehe wetu akaisoma karatasi, akasema ndoa yetu ipo palepale, hakuna haja ya kufunga nyingine. Mbuzi akachinjwa. Watu wakala, wakamshika mikono na mabega wahakikishe, wakaenda zao.

Ndipo nilipoanza kumwona. Alikuwa akikaa chini karibu na mlango, mgongo ukutani, viatu miguuni. Akipewa chakula alikula matonge matatu. Asipopewa, hakuomba. Shamba lake kaka yake alikuwa amelilima lote, na yeye hakuuliza hata mpaka uko wapi. Ukimwambia lolote, jibu ni "sawa". Siku moja alirudi kutoka sokoni akaniambia, "Nimeona shimizi yangu."

"Kwa nani?"

"Kwa yule mutu wa moto," yaani mwenye pikipiki ya kubeba watu. "Ile ya kijani, yenye ulinishonea."

"Ukamwambia nini?"

"Nimuambie nini? Mufu hadai nguo." Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayekwambia mvua itanyesha.

Nilicheka ili lisiwe neno. Lakini lilikuwa neno, na sisi wenyewe ndio tuliompa. Kwetu marehemu hasemwi vibaya, na ulimi wetu ulikuwa umezoea kumwita marehemu kwa miezi mingi. Nilimsikia binti yangu mdogo akimwambia dada yake, "Sogeza godoro la marehemu baba," na baba mwenyewe amekaa hapohapo. Alikunja miguu ili wapite nalo.

Na mimi? Zamani akiacha sabuni ndani ya maji, mtaa mzima ulijua. Tangu arudi sikuwa nimempandishia sauti hata mara moja. "Haya, papa. Ndiyo, papa. Pumzika, papa." Watu walisema, tazama mwanamke huyu alivyojaa heshima. Haikuwa heshima, ilikuwa woga. Nilikuwa nikimwogopa mume wangu jinsi mtu anavyoogopa kaburi jipya, na nililala nikimpa mgongo.

Nilikwenda kwa shehe kuomba kombe. Akaandika aya kwenye sahani, akaziosha kwa maji, mume wangu akayanywa, akasema "sawa". Baada ya wiki mbili shehe mwenyewe aliniita. "Mwanangu," akasema, "dua iko na dawa iko, zote ni za Mungu. Kule Kasongo, hospitali, iko munganga mumoja mwanamuke, anashugulikia magonjwa ya akili. Mupeleke. Na usingoje mupaka siku atatoka hapa nyumbani asirudi." Na mimi nilikuwa nimeliwaza hilo. Siku hizo alikuwa ameanza kutembea mpaka mtoni na kukaa huko saa nyingi akitazama maji.

Siku ya safari tulipata moto moja tu, na mwenye moto alikuwa ni yuleyule wa shati. Alikuwa amelivaa. Angejua! Alipewa msikitini kama sadaka, hakuambiwa lilikuwa la nani. Mume wangu akakaa katikati, mimi nyuma, kwa hiyo kutoka Kabambare alisafiri kifua chake kikiwa kimegusa mgongo wa shati lake. Mimi nilikuwa nikiona mshono wa bega, mshono wangu, pale nilipokosea kidogo nikaurudia. Njia nzima nilikuwa nikiomba: afike tu, aingie kwa huyo munganga, afike tu.

Kabla ya kijiji cha Lusangi barabara ilikuwa tope tupu. Gurudumu likazama, tukashuka. Mwenye moto akasukuma, mimi nikasukuma na furushi kichwani, na tulipotoka upande wa pili nikageuka. Mume wangu hakutufuata. Alikuwa ametoka njiani, amekaa kwenye majani, mikono juu ya magoti.

"Mwende," akasema. "Miye muniache hapa. Hapa panatosha."

Mwenye moto akamwendea kwa sauti laini, "Papa, tafazali papa, twende polepole tu." Na mimi nilikuwa nimeshafungua kinywa kusema "haya, papa". Nilikuwa nakwenda kumbembeleza mtu aliyekuwa anajichagulia mahali pa kuzikwa. Sijui hasira ilitoka wapi, naona ilikuwa imekaa ndani miezi yote ile ikingoja tope la Lusangi. Nilitupa furushi.

"Panatosha nini? Simama! Weye unazani ile eda nilikuwa nacheza? Miezi mine na siku kumi niko ndani ya nyumba, nalilia mutu mwenye alikuwa anakula muchele ya hospitali! Hata kutuma mutu mumoja ukashindwa! Alafu unarudi, unakaa kwa mulango, 'sawa, sawa, sawa'! Sawa ya nini? Na nikuambie kingine: ulipokufa, nililala. Unanisikia? Miaka yote ya jeshi yako sikulala, simu ikilia naruka kitandani. Siku ya ine ya kilio chako nililala mupaka asubui. Nililala vizuri!"

Maji yakimwagika hayazoleki. Mwenye moto alitazama chini, akajifanya anasafisha mnyororo. Jambo hilo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mama yangu mzazi. Wakati wanawake uani wakiniwekea maji ya uji na kusema maskini, ataumia huyu, mimi nilikuwa nimelala usingizi mzito kama mtu aliyetua mzigo, na nilipoamka niliona haya kuliko nilivyoona majonzi.

Mume wangu aligeuza kichwa, akaniletea sikio la kulia, lile linalosikia.

"Ulilala?"

"Nililala."

Akanitazama. Tangu arudi hakuwa amenitazama hivyo, alikuwa akitazama pembeni yangu. "Miye sijalala," akasema. "Tangu kule. Nikifunga macho wanakuja, wenye walikufia kule, wote wanakuja, na mavazi yao ya maji, imelowana. Weye ulilala, miye sijalala." Na sauti yake ilipanda. Ilikuwa sauti ya mtu anayelalamika, mtu aliyedhulumiwa usingizi wake na mke wake mwenyewe. Alikuwa amenikasirikia! Nikaanza kulia palepale, na sikujua kama ni kwa aibu au kwa furaha.

Akasimama, akajipangusa tope. Akamgeukia mwenye moto. "Na weye. Ile shimizi ni yangu."

Sadaka hairudishwi, kila mtoto wa madrasa analijua hilo. Lakini yule kijana wa watu alifungua vifungo kimoja kimoja, akalivua, akampa. Mume wangu hakulivaa. Alilikunja vizuri, akalishika mapajani mpaka Kasongo, na mwenye moto akaingia mjini na fulana, watu wa sokoni wakimcheka.

Munganga alikuwa mwanamke wa makamo, chumba chake kipo mwisho kabisa, nyuma ya wodi ya wazazi. Akatoa fishi, ile kadi ya mgonjwa, akauliza, "Papa, jina lako?" Nikafungua kinywa. Akainua kalamu. "Mama, nimeuliza papa."

Nje mtoto mchanga alilia akanyamazishwa. Mume wangu akasema jina lake, akasema la baba yake, akasema na kijiji. Nilikuwa sijasikia jina hilo likitoka kinywani mwake tangu arudi. Na alipoulizwa anasumbuliwa na nini, hakusema "sawa". Alisema, "Silali."

Huyo mama hakucheka, wala hakumwambia awe mwanaume. Alimsikiliza mpaka watu wa kwenye benchi wakaanza kunung'unika. Alisema ugonjwa huo unawashika wengi wanaotoka vitani, kwamba una jina na una dawa, na dawa peke yake haitoshi, lazima aje kila wiki waongee. Jina alilitaja kwa Kifaransa, nimelisahau. Kisha akanigeukia. Nikamweleza habari ya simu, ya khitma, ya nguo. Akaweka kalamu chini.

"Na kilio chake, mama, ulishakimaliza?"

"Eda ilikwisha."

"Sikuuliza eda," akasema, na akaita mgonjwa mwingine.

Tulifikia kwa shangazi yangu, hapo Kasongo, tukakaa majuma mengi. Nimeulizwa mara nyingi kama amepona. Anaongea, analima, amegombana na kaka yake juu ya shamba mpaka nikamshukuru Mungu. Lakini wale wa mavazi ya maji hawajaacha kuja. Wanakuja mara chache, naye siku hizo ananiambia: jana walikuja. Mimi namuuliza walikuwa wangapi.

Ila siku ninayoikumbuka ni ya tatu ya dawa. Ilikuwa baada ya adhuhuri, jua kali, shangazi ameenda sokoni. Niliingia chumbani na maji ya kunywa, nikamkuta amelala juu ya mkeka, amenyooka, shuka nyeupe imemfunika kutoka kichwani mpaka miguuni. Kambini walilala hivyo kwa ajili ya mbu. Mimi sikujua. Mimi niliona mwili, ule mwili ambao sikuletewa, umefika sasa, umeshavishwa sanda, umelazwa unaningoja. Maji yakamwagika yote. Nikapiga magoti, nikafunua uso kwa mikono yangu, jambo ambalo miezi yote ile ya eda nilitamani nipewe nafasi ya kulifanya mara moja tu.

Mdomo ulikuwa wazi kidogo. Alikuwa anakoroma.

Akafungua jicho moja. "Unafanya nini?"

"Hakuna. Lala."

Akavuta shuka tena mpaka juu ya kichwa. Nikaishusha. Akavuta. Nikaishusha. "Acha, mama, iko nzi," akasema, kwa hasira ya mtu aliyekatishwa usingizi.

"Uvumilie nzi," nikamwambia.

Akalala. Nilikaa kando yake mpaka alasiri, na kila alipoipandisha shuka, niliishusha.