Kava za Baba Edna

Kijana mmoja wa ofisini kwetu amenunua gramafoni. Juzi alikuja kazini na santuri ya jazz mkobani, akaitoa mbele yetu kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga, akanipa niishike. Mimi nilifungua mdomo wa kava, ile bahasha ngumu ya santuri, nikaweka pua. Harufu ilikuwa ile ile: karatasi nene iliyolala gizani miaka mingi, vumbi, na gundi kuukuu yenye utamutamu wake. Kijana akacheka, akaniuliza kama nami ni mpenzi wa jazz. Nikamwambia hapana. Kisha nikaenda chooni kunawa uso, maana machozi ya mtu mzima ofisini huzaa maswali.

Nilimdanganya yule kijana. Nimekulia ndani ya jazz kama wengine walivyokulia ndani ya duka au shamba. Tulikaa mtaa wa Makadara, katika nyumba za reli, baba akiwa fundi wa mabehewa. Kila Jumapili baada ya kanisa na ugali wa mchana, marafiki zake wawili walikuja. Wa kwanza alikuwa Baba Edna wa mtaa wa Ziwani, karani wa jiji, mtu wa tai na kalamu mfukoni, aliyesoma gazeti kuanzia ukurasa wa kwanza hadi matangazo ya vifo. Wa pili alikuwa Shem, aliyefanya kazi ya kiwandani mtaa wa Baba Dogo, mcheshi asiyejua kunong'ona. Akiniona mlangoni alisema, "Niaje, mrembo wa reli?" nami najificha nyuma ya pazia kwa raha. Wote watatu walitoka upande mmoja kule Maragoli, na mapenzi ya jazz waliyapata pamoja wakiwa vijana wageni mjini. Waliyashika kama wengine wanavyoshika dini.

Santuri zao walizipata kwa Wazungu na Wahindi waliokuwa wakihama, wakiuza kila kitu mpaka pazia, na nyingine sokoni Gikomba chini ya marundo ya viatu. Wakishakaa hawakuanza na muziki. Walianza na lebo, ile karatasi ya duara iliyobandikwa katikati ya santuri. Kulikuwa na lebo ya taji, kulikuwa na ya mizani, na iliyoheshimiwa kuliko zote ilikuwa ya kijani yenye korongo aliyesimama kwa mguu mmoja. Korongo akitazama kushoto, santuri ni ya toleo la kwanza. Akitazama kulia ni ya kurudiwa, na mwenye nayo alipaswa kuona haya. Shem aliwahi kununua yenye korongo wa kulia bila kujua. Jamani, hakupumzika! Mwezi mzima walikuwa wakimuuliza kama ndege wake amepona shingo.

Mama alikuwa mwimbaji wa kanisa, na aliuita huo muziki wa watu wasio na haraka ya kwenda mbinguni. Hata hivyo aliwapikia chai ya maziwa na kuwakatia mkate. Sindano ikishawekwa, hakuna aliyeruhusiwa kusema, hata kupiga chafya ilikuwa kosa. Mimi nilikaa sakafuni nikiangalia nyuso za wanaume wazima zikilegea.

Sasa, kulikuwa na desturi yao moja, na lazima niieleze vizuri maana ndiyo iliyoniumiza. Hakuna kati yao aliyemudu kununua kila santuri, kwa hiyo waliazimana. Lakini santuri ilipotoka nyumbani kwa mwenyewe, ilitoka uchi, imefungwa kwenye gazeti. Kava ilibaki. "Mwenye kava ndiye mwenye santuri," baba alituambia, na sisi watoto tulilijua neno hilo kabla ya kujua Amri Kumi. Siku ya kurudisha, mwenye mali alipeleka kava kwa aliyeazima. Yule aliipokea kwa mikono miwili, akaitoa santuri, akaikagua dirishani pande zote kuona kama ina mkwaruzo, akaitia ndani ya kava kwa mkono wake mwenyewe. Ndipo waliposhikana mikono. Na kama ungempa mwenzako kava ya santuri yako, basi umempa mali yenyewe, imekwenda, haidaiwi tena. Hilo sikuwahi kuona yeyote akilifanya. Shem alisema yeye angetoa figo kwanza.

Kisha baba akaanza kukohoa. Akakonda, suruali zake za kazi zikawa zinamzunguka, na reli wakamwambia akapumzike nyumbani. Leo naweza kusema wazi kwamba ulikuwa Ukimwi. Wakati ule hakuna aliyelitaja jina hilo mtaani kwetu. Walisema "ule ugonjwa" wakishusha sauti, hata kama hakuna aliyewasikiliza. Shangazi yangu alituletea kikombe kipya cha bati, eti kiwe cha baba peke yake. Mama alimshukuru, akakifanya cha kupimia unga, na baba akaendelea kunywa kwenye vikombe vyetu.

Marafiki nao wakapungua. Shem alikuja mara mbili, akakaa karibu na mlango, halafu ghafla zamu za kiwandani zikawa nyingi. Baba Edna hakuja kabisa. Kila Jumapili alimtumia baba salamu kupitia mama pale kanisani, salamu ndefu, na kwamba anamwombea. Baba alizipokea. Hata hivyo kila Jumapili aliomba anyolewe ndevu na kusogezwa karibu na gramafoni, akakaa hapo mpaka jioni akiwa amevaa shati safi. Mama alikuwa akisema, "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki," na baba anamwambia awape watu muda.

Likizo ya Agosti baba akawa hali chakula. Wanasema mgonjwa haulizwi uji, lakini hata ukiletwa bila kuulizwa ulimshinda, na supu ya miguu ya ng'ombe ilimshinda. Siku moja akasema anachotaka ni kitu kimoja tu, korongo wake. Hiyo ilikuwa santuri yake bora, ya saksafoni, ya korongo wa kushoto, ambayo Baba Edna alikuwa ameiazima tangu kabla ya ugonjwa. Mwanzoni mwake mpigaji anavuta pumzi, na ukitulia unaisikia. Baba alitaka kuisikia tena kabla hajafa. Hakusema "kabla sijafa", lakini hata mimi wa miaka kumi nililielewa hilo.

"Kageha," akaniambia, "nenda Ziwani kwa Baba Edna. Mpe kava. Atajua la kufanya."

Nilikwenda kwa miguu, kava kifuani, nimeifunika kwa leso ya mama isipigwe na jua. Njia nzima nilijiona mtu mkubwa. Kazi ile ilikuwa ya wanaume watatu, na sasa nilikuwa nimeingia kati yao mimi msichana.

Kwa Baba Edna nilizoea kuingia bila hodi, nikipewa chai na Mama Edna, nikicheza mpira wa kati na binti yao. Siku hiyo mlango ulifunguka nusu. Nilimwona Edna nyuma, akaitwa ndani upesi. Baba Edna akatoka mpaka kizingitini. Nilinyoosha mkono nimsalimie kama nilivyofunzwa, naye akauliza habari za nyumbani huku mikono yake ikiwa mgongoni. Nikamweleza nilichotumwa, nikamnyooshea kava.

Hakuipokea. Aliniambia nisimame pale pale, akaingia ndani. Nilisikia Mama Edna akisema jambo kwa Kimaragoli, upesi upesi, na yeye akimjibu kwamba najua, najua. Alirudi na katoni iliyofungwa kwa kamba ya katani, akaiweka chini kwenye ngazi, akarudi nyuma hatua. Humo, akasema, mlikuwa na korongo na santuri nyingine zote za baba alizokuwa nazo. Nikamwambia basi aikague na aitie kwenye kava, mimi nilikuwa naijua desturi.

"Itie wewe, mama," alisema. "Wewe sasa ni mkubwa."

Ebu fikiria furaha yangu! Niliitia kwa uangalifu, ulimi nje, yeye akinitazama kutoka mlangoni. Kisha nikauliza swali ambalo mtoto mwenye adabu lazima aulize: na zile zake zilizoko kwetu, nizilete lini?

"Usizilete," alisema. "Kava za hizo santuri zangu nimeziweka humo kwenye katoni. Mwambie baba yako ziwe zake. Nimempa."

Nilifikiri nimesikia vibaya, akarudia. Kava zote! Za taji, za mizani, na za korongo vilevile. Mtu huyu aliyegombana na Shem nusu saa kwa ajili ya mkwaruzo usioonekana alikuwa amempa baba yangu mali yake yote. Sikujua mtu anashukuru vipi kwa kitu kama hicho. Nilimwambia Mungu ambariki. Akaitikia amina, akafunga mlango.

Katoni ile ilikuwa nzito, kamba ikanichubua vidole, lakini sikuhisi. Kila nilipoiweka chini kupumzika niliyapanga maneno ya kumwambia baba, nikayabadilisha, nikayapanga tena. Nilifika nikihema, nikamwaga habari yote pale pale mlangoni. Nikafungua katoni nikamtandazia kava kitandani, moja baada ya nyingine, mpaka blanketi halikuonekana.

Baba hakuzigusa. Aliniuliza maswali kwa sauti ndogo. Je, niliingia ndani? Nikasema hapana, ila ni kwa sababu nilikuwa na haraka. Alinipa mkono? Nikasema mikono yake ilikuwa mgongoni. Korongo aliitia nani kwenye kava? Nikajibu kwa majivuno kwamba niliitia mimi, kwamba Baba Edna alisema mimi ni mkubwa.

"Sawa," akasema. "Umefanya vizuri. Ziondoe hapa."

Nikamuuliza kama niweke korongo. Akasema si sasa. Akageukia ukutani.

Niseme ukweli, nilimkasirikia. Kwetu ukipewa hata kipande cha muwa unasema asante, na yeye alikuwa amepewa utajiri akalala bila kushukuru. Jioni mama aliporudi nilikwenda kumshtaki kwamba baba hana shukrani. Mama alizitazama kava pale chini nilipozipanga, akaenda akakaa kitandani kwa baba. Nikamsikia baba akimwambia kwa lugha ya nyumbani, polepole, "Leo amenizika." Nilijiambia yeye na Baba Edna wamegombana kwa mambo ya wakubwa.

Siku chache baadaye mama, aliyekuwa hajawahi kuigusa gramafoni ile maishani mwake, aliiwasha. Alipangusa korongo kwa pamba kama alivyowaona wao wakifanya, akaweka sindano. Pumzi ikasikika, saksafoni ikaanza. Baba akainua kiganja. "Toa," akasema. Mama akaitoa, akasimama nayo mkononi kama mtu aliyefika kwenye kilio akasahau jina la marehemu. Baba hakuomba tena kuisikia. Alikufa kabla shule hazijafunguliwa.

Ibada ilifanyika kanisani Makadara kabla ya kumsafirisha nyumbani. Baba Edna alisimama kusema neno la marafiki, akiwa na tai nyeusi. Alisema yeye na baba walikuwa ndugu, walikula sahani moja, na kwamba baba alipougua, yeye alimpa santuri zake zote, hakujibakishia hata moja. Watu wakaguna kwa kusifu. Mama alikaa wima, macho mbele. Mimi nililia kwa uchungu, na katikati ya uchungu huo nilimpenda Baba Edna, nikawaza kwamba angalau baba alikuwa na rafiki wa kweli.

Nilibaki na wazo hilo mpaka kidato cha pili. Muuguzi alikuja shuleni kutufundisha juu ya Ukimwi, na alikuwa mwanamke wa maneno makavu. Alisema huambukizwi kwa kusalimiana, wala kwa kula pamoja, wala kwa nguo, wala kwa kushika alichoshika mgonjwa. Wasichana walikuwa wakichekacheka. Mimi nilikuwa naandika, na kalamu ikasimama. Niliona ile mikono mgongoni. Niliona katoni chini kwenye ngazi. Santuri zake zilizokuwa kwetu zilikuwa zimeshikwa na baba, na hakuzitaka tena, hata zenye korongo wa kushoto. Ndiyo maana kava zilikuja. Ulikuwa uchafu anaoutoa nyumbani kwake, na mimi nikamwombea baraka.

Nimekuwa mtu mzima, nimejaribu kuwa na haki. Miaka ile kila mtu aliogopa, na waliomtoroka baba walikuwa wengi kuliko vidole vyangu. Shem alitoroka pia, na Shem nimemsamehe. Baba Edna siwezi. Alijua kwamba baba ataelewa, maana desturi ile waliitunga wao wenyewe, na anayetoa kava hangoji tena siku ya kurudishiana na kushikana mikono. Angeweza kuandika, angeweza kumwambia mama kanisani, angeweza kunyamaza tu kama wengine. Badala yake alimtafutia mtoto neno tamu la kubeba. Nami nikalibeba kutoka Ziwani mpaka Makadara, vidole vikinichubuka, nikikimbia kila nilipoweza, ili nifike upesi nimwambie baba yangu kwa furaha kwamba rafiki yake ameshamhesabu maiti.