Nilimsingizia Fundi wa Sabufa kwa Kosa la Mkono Wangu

Ilikuwa saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi, siku ya Jumatatu, sabufa ya gari langu ilipoanza kulia. Ninaijua saa hiyo kwa sababu niliiandika. Mimi ni mtu wa kuandika kila kitu, na kwa maandishi yangu nilimharibia jina fundi ambaye hakuwa amenikosea chochote. Jina langu sitalitaja. Lake ninalitaja kwa sababu yeye mwenyewe alitaka litajwe. Anaitwa Chebet.

Nina miaka hamsini na mmoja, ni mweka stoo katika duka la vipuri vya trekta hapa Nakuru. Umeme sikuusomea darasani. Nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vilivyotumika na kwa kufungua redio zilizokufa. Kanisani ninaimba besi, huu ni mwaka wa ishirini na sita. Lakini kila nilipocheza nyimbo za kwaya yetu ndani ya gari, nilisikia soprano na alto tu. Sisi wa sauti ya chini tulikuwa kama hatukuja siku hiyo. Ndiyo sababu nilinunua sabufa, ile spika kubwa ya besi inayokaa kwenye buti. Sikutaka kutikisa mtaa. Nilitaka kujisikia.

Mke wangu ndiye aliyenipeleka kwa Chebet, binti aliyekuwa na kibanda cha kufunga redio za magari mtaa wa Free Area. Alifunga sabufa pamoja na amplifaya yake, yaani mashine ya kuikuzia sauti, kwa nusu siku. Nilisimama hapo nikimwangalia. Aliinua kapeti ya buti, akakwaruza rangi ya bodi kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, ndipo akafunga waya mweusi, ule wa kurudisha umeme kwenye bodi ya gari. Akapaka grisi juu yake. Niliyaona hayo kwa macho yangu, na bado nilifanya nilichofanya.

Miezi minne nilisikiliza bila kasoro. Halafu ikaja hiyo Jumatatu.

Mlio ulikuwa mwembamba, kama mbu aliye karibu na sikio. Nikikanyaga mafuta unapanda. Nikiachilia unashuka. Nikizima injini unakufa. Jioni yake nilitoa daftari la buluu, nikaandika juu ya ukurasa: Mlio. Chini yake nikaanza kupanga majaribio.

Yalikuwa kumi na manne kwa siku tisa. Nilichomoa waya za sauti, mlio ukaisha, nikazirudisha, ukarudi. Nilipitisha waya mpya wa sauti dirishani, mbali na waya wa betri, mlio haukubadilika. Nilibadilisha fyuzi. Jaribio la kumi na moja lilihusu waya mweusi. Niliingiza mkono chini ya kapeti, nikaishika nati, nikaandika: Imekazwa. Sawa.

Siku ya kumi nilimpigia Chebet simu.

"Mzee, umegusa kitu huko nyuma?" akaniuliza.

"Sijagusa."

"Ama kuna mtu amefungua?"

"Hakuna mtu."

"Basi lete gari niangalie. Kuangalia silipishi."

Nikamwambia haina haja, nimeshaangalia mwenyewe, mara kumi na nne. Akasema, "Sawa mzee. Lakini ulete tu."

Sikulipeleka. Nilikuwa nimeshafikia uamuzi wangu: kama waya ni nzima na fyuzi ni nzima, ubovu uko ndani ya amplifaya. Na kama amplifaya mpya inalia baada ya miezi minne, basi haikuwa mpya. Aliniuzia mashine iliyofufuliwa kwa bei ya mpya. Niliandika sentensi hiyo na kuipigia mstari kwa rula.

Wakati huo kanisa letu lilikuwa limenunua gari la kwaya, na kamati ilikuwa karibu kumpa Chebet kazi ya kulifunga vyombo vya muziki. Ingekuwa kazi yake kubwa ya kwanza. Makanisa mengine yangeliona gari hilo kwenye mikutano na kuuliza ni nani aliyelifunga. Mimi nilikuwa mjumbe wa kamati hiyo.

Alhamisi Chebet alikuja kwenye ofisi ya kanisa kutueleza bei yake. Alipomaliza, mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye la kusema. Nikafungua daftari la buluu. Nikasoma majaribio yote kumi na manne, kwa sauti ya taratibu, na mwisho nikasoma ile sentensi yenye mstari.

"Daftari la huyu mzee halijawahi kukosea," mjumbe mmoja akasema.

"Mimi nilisema tangu mwanzo, kazi ya spika si ya akina mama," mwingine akadakia.

Sikumjibu. Ningeweza kumjibu.

Chebet hakupandisha sauti. Alinitazama akauliza, "Mzee, hiyo waya nyeusi. Uliiangalia?"

"Niliishika. Imekazwa."

"Imekazwa kwa chuma ama kwa rangi?"

Watu wakacheka. Walidhani anatafuta pa kujifichia. Mimi nikafungua ukurasa wa jaribio la kumi na moja, nikamsomea tena: Imekazwa. Sawa.

Alikusanya karatasi zake, akatuaga kwa heshima, akatoka. Kazi akapewa fundi mwingine wa mjini.

Wiki tano zikapita. Mlio uliendelea, nami nikawa naendesha gari nikiwa nimezima redio, nikijiona mtu aliyedhulumiwa. Jumamosi moja mchana mke wangu alikuwa jikoni akimenya viazi.

"Hivi vimeanza kuota," akasema. "Tulivitoa kwa mama Ndabibi lini?"

Mimi huwa sikisii. Nilichukua daftari la nyumbani, ambalo ni tofauti na lile la buluu, nikatafuta. Magunia matatu ya viazi, kutoka kwa mama mkwe. Nikamsomea tarehe. Kisha nikaisoma tena peke yangu, kimoyomoyo. Ilikuwa Jumamosi. Ile Jumamosi iliyotangulia ile Jumatatu ya mlio.

Magunia matatu hayaingii katika gari lenye sanduku la sabufa kwenye buti. Nilikuwa nimelitoa sanduku Ijumaa jioni kwa mikono yangu, pamoja na amplifaya iliyofungwa mgongoni mwake. Jumapili baada ya ibada nikalirudisha. Nati ya Chebet ilikuwa imebingirika ikapotea chini ya kiti. Sikuitafuta. Nilichukua ule waya mweusi nikaufunga kwenye bolti ya karibu, ya kushikilia kiti, nikakaza kwa spana, nikaenda kula. Haikufika dakika kumi. Sikuandika popote, kwa maana kwangu hiyo haikuwa kazi ya redio. Ilikuwa kazi ya viazi.

Nilitoka nje na tochi ingawa jua lilikuwa kali. Nikavuta kapeti yote. Waya ulikuwa umelala juu ya rangi ya kiwandani, rangi nzima isiyo na mkwaruzo, na rangi haipitishi umeme vizuri. Upana wa kiganja kimoja pembeni, ile sehemu aliyoisugua Chebet ilikuwa bado inang'aa chini ya grisi yake. Siku ya jaribio la kumi na moja nilishika nati niliyoifunga mimi, nikadhani ninaikagua kazi yake.

Nilinunua msasa na nati duka la pembeni. Nikasugua, nikafunga pale pale alipokuwa amefunga yeye, nikawasha injini. Nikakanyaga mafuta. Hakuna mlio. Besi za kwaya zikaingia, na mimi ndani yake. Nilizima haraka.

Msomaji, mpaka hapo ungeweza kusema nilikosea kama binadamu yeyote. Kosa lenyewe ninaloliungama linaanzia hapa. Simu ilikuwa mfukoni na sikupiga. Niliingia ndani, nikaandika kwenye daftari la buluu: Mlio umeisha.

Mke wangu alisoma juu ya bega langu. "Umeisha kwa nini?"

Nikamweleza. Aliacha kisu kwenye sufuria.

"Utawaambia lini?"

"Nikipata nafasi nzuri."

"Basi andika hiyo nayo," akasema, akarudi kwa viazi vyake.

Nafasi nzuri niliitafuta wiki tatu. Jumapili ya kwanza mwenyekiti alikuwa amefiwa. Ya pili kulikuwa na wageni. Ya tatu sikuwa na sababu, nikaimba besi na kwenda nyumbani. Nilijiambia Chebet ni kijana, ana wateja wengine, kazi moja haimwangushi mtu.

Wiki ya nne nilikwenda Free Area. Kibandani mwake nikakuta viatu vya mitumba vimepangwa.

"Yule wa redio? Alihama, boss," muuzaji akaniambia. "Watu waliacha kuleta magari. Ilisemekana anauza mashine zilizokufa."

"Nani alisema?"

"Si ni mzee fulani wa kanisa. Ako na daftari."

Nilimuuliza alikohamia. Longonot, akasema, kwa dada yake.

Nilimkuta huko Jumamosi, katika duka dogo karibu na reli, akiwachajia watu simu. Vumbi lilikuwa limefunika kaunta na alikuwa akiifuta kwa kitambaa. Aliponiona hakushtuka.

"Mzee wa daftari. Karibu. Leo umekuja kunisomea nini?"

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yaliyotoka ni mawili tu. "Ilikuwa rangi."

"Najua."

"Ulijua lini?"

"Siku ile ofisini. Ukisoma vile mlio unapanda na kushuka, nikajua waya imehamishwa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuuliza mbele ya watu wote. Mkacheka."

"Mimi sikucheka."

"Eeh, wewe hukucheka. Wewe ulifungua ukurasa."

Nilimwomba msamaha. Akasema amenisamehe, kwa sauti ile ile aliyotumia kumwambia mteja kwamba simu yake imejaa chaji. Nikamwambia arudi Nakuru, nitamtafutia kazi. Akatikisa kichwa. Kibanda kimechukuliwa, na drili na mita ya umeme aliziuza ili ahame.

"Nataka kitu kimoja tu," akasema. "Uliwasomea wale watu. Nenda uwasomee tena."

"Nitaenda. Na nikitaka kuyaandika watu wengine wasome?"

"Andika. Weka jina langu, ndilo liliharibika. Lako fanya vile unataka."

Alhamisi iliyofuata nilisimama katika ofisi ile ile na daftari lile lile. Nikasoma habari za viazi, bolti ya kiti na msasa. Nikasema Chebet aliniuzia mashine mpya, akaifunga vizuri, nami nikamsingizia. Yule mjumbe aliyesema kazi ya spika si ya akina mama alikuwa akitazama simu yake.

"Asante mzee," mwenyekiti akasema. "Lakini hayo tumeshayapita. Gari lilishafungwa. Tusichafue tena mambo."

Nikaomba yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, kwa sababu yale ya kwanza yaliandikwa. Katibu akaweka kalamu mezani. Wakaendelea na ajenda nyingine. Kwa hiyo ninayaandika hapa.

Sabufa niliitoa. Sanduku liko stoo, limefunikwa gunia. Mke wangu hanilaumu tena, ila siku hizi kikiharibika kitu nyumbani anaita fundi bila kuniuliza.

Wewe unayejifundisha mambo mwenyewe kama mimi, na unayeamini ukiandika vizuri huwezi kukosea, nisikilize. Kabla hujalitaja jina la mtu, andika kwanza ulichogusa wewe, hata kile ulichogusa ukiwa na haraka ya jambo jingine. Na ukipata ukweli, usiutafutie Jumapili nzuri. Siku tatu za kwanza Chebet alikuwa bado Free Area. Nimeuliza, nikathibitisha. Alifunga kibanda siku ya nne tangu mlio unyamaze.

Ukurasa wa mwisho wa daftari la buluu nimeujaza sasa. Msasa, shilingi thelathini. Nati, shilingi ishirini. Jumla, shilingi hamsini.