Mbuzi ya Nazi Miguu Juu

Jumamosi niliwapeleka wanangu kwenye jumba moja la sanaa hapa Malindi, angalau wapunguze kunivunjia vyombo nyumbani. Katika chumba cha pili, juu ya jukwaa fupi lililozungushiwa kamba, palikuwa na mbuzi ya kukunia nazi.

Bibi mmoja wa Sabaki, mwenye magoti mabovu, aliitazama, akaguna. Kisha akavuka kamba, akaigeuza ile mbuzi na kuikalia.

Mlinzi alimjia mbio. "Bibi, inuka tafadhali. Mkubwa akikuona hapo, mimi kazi sina."

"Mjukuu wangu, mliiweka miguu juu. Ulimi wake wa chuma ulitazama chini, ungekuna nini, sakafu?"

Mkubwa mwenyewe akatokea. "Nani ameigusa?"



"Ni mimi," bibi akajibu bila kuinuka. "Kijana amenikataza vizuri, ila masikio yangu ndiyo mazito."

Mkubwa aliitazama mbuzi. "Ilikuwa imekaa miguu juu tangu tufungue," akasema polepole, kisha akamwomba bibi awaeleze wageni inavyotumika.

"Nitaeleza. Lakini nileteeni kiti chenye mgongo, hii si ya kupumzikia."

Mlinzi ndiye aliyekileta, akakipangusa kwa mkono wa shati lake.

Mimi hukuna nazi karibu kila siku, na tangu nilipoingia niliona wazi kwamba mbuzi ile imepinduliwa. Nilinyamaza kwa sababu nilidhani sanaa ndivyo ilivyo.