Utumbo Shingoni mwa Uraiwan

Uraiwan alikuwa mgema utomvu wa miti ya mpira huko Trang, kusini mwa Thailand, mwanamke wa maneno machache na viganja vigumu. Mumewe, Wichit, alikuwa na wazimu wa kupiganisha mafahali. Fahali wake akishindwa uwanjani, kichapo kilimwishia mke nyumbani. Alishamvunja mbavu na kumng'oa jino, na majirani waliyazoea mayowe kama walivyoizoea mvua.

Siku fahali alipotobolewa jicho, Wichit alimkuta Uraiwan bandani akigandisha utomvu. Mke alimwambia amechoka, anahamia kwa dada yake. Wichit alimbwaga chini, akamkalia kifuani, akambana pua mpaka mdomo ukafunguka, kisha akamimina asidi ya kugandishia utomvu.

"Haya, nenda ukamsimulie dada yako," alisema.

Koo liliungua, likafungwa na makovu. Miezi ikapita Uraiwan akilishwa kwa mrija uliopenyezwa tumboni. Hata mate yake aliyatema koponi. Hatimaye daktari mmoja wa mji wa Hat Yai alieleza kwamba angekata kipande cha utumbo mwembamba, akipandikize mahali pa koo, na kukiunganisha na mishipa ya damu ya shingoni.

"Utumbo huuhuu wa tumboni?" aliuliza Chalor, dada mtu.

"Huohuo, mama. Utasukuma chakula kama ulivyozoea."

Uraiwan akanong'ona, "Usiushone kichwa chini tu, daktari."

Upasuaji ulifaulu. Alianza kumeza maji, kisha uji wa mchele. Njaa ikimwuma, utumbo ulinguruma shingoni, na Chalor alicheka mpaka machozi.

Wichit, aliyeshtakiwa kwa asidi ile na kuachiwa kwa dhamana, aliwafuata nyumbani kwa Chalor. Aliingia jikoni, akamkaba Uraiwan, vidole gumba juu ya mshono.

"Naking'oa hicho kinyama."

Uraiwan alipapasa mezani, akapata kisu cha kugemea. Akamchana mkono hadi mfupa ukaonekana, akamchana tena. Wichit hakuachia. Chalor akamshushia mchi wa jiwe begani, mara mbili, mfupa ukalia. Safari hii majirani wa huko walikuja, wakamfunga kamba damu ikimchuruzika.

Alifungwa jela, na vidole vya mkono ule havikukunjuka tena. Uraiwan hakumhurumia, wala hakushangilia. Alirudi kugema mpira, wa shamba la Chalor. Akila, hukaa wima na kutafuna taratibu, maana utumbo una mwendo wake. Anayemharakisha huonyeshwa mlango.