Kibonge cha Nta cha Mathuso

Mkono wangu wa kushoto haunyooki mpaka leo, na aliyeuvunja ni Lebitsa, mume wa Mathuso. Sijamsamehe, wala sitaki kubembelezwa nimsamehe.

Mathuso alikuwa akiuza maandazi Mafeteng. Sigara hakuwahi kuigusa. Alipoanza kukohoa walimtibu kifua kikuu mara mbili, maana kwetu Lesotho kila kikohozi ni kifua kikuu mpaka mtu azikwe. Mwishowe daktari wa Maseru akampitishia sindano ubavuni, akatoa kinyama cha pafu. Ilikuwa saratani. Mimi, mtu wa maabara, nilikihifadhi kinyama hicho ndani ya kibonge cha nta, kingoje kupelekwa Bloemfontein, Afrika Kusini, kupimwa vinasaba. Saratani ikiwa na kasoro fulani, ina vidonge vyake. Ikikosa, ni dripu ya dawa kali, na mwili ule usingeihimili. Sindano ya pili pia ingemmaliza. Uhai wake wote ulikuwa ndani ya kibonge kile.

Lebitsa, mchimba dhahabu mstaafu, akasikia kwamba nyama ya mkewe inavushwa mpaka. Zamani kwetu watu walichinjwa, nyama zao zikatiwa kwenye pembe za dawa za waganga, na hofu hiyo hatujaiacha. Akaingia maabara na rungu.

"Nyama ya mke wangu iko wapi, mchawi wewe?"

"Tulia, baba. Ni ya kupima tu."

"Kampime mama yako!"

Rungu likatua mkononi, nikasikia mfupa ukivunjika. Pigo la pili likanipasua paji la uso. Droo yenye kibonge nilimwonyesha mimi mwenyewe. Niliogopa, sioni aibu kusema. Akakichukua kibonge, akaenda kukizika zizini, walikozikwa wazee wake.

Nyumbani akajigamba kwa mkewe. Mathuso akachukua jembe. Lebitsa akamzuia mlangoni, akamzaba kofi mpaka mdomo ukatoka damu.

"Wewe utazikwa mzima. Sitakubali uzikwe vipande vipande."

"Sijafa bado, Lebitsa. Toka mlangoni."

Hakutoka. Mathuso akampiga mpini wa jembe gotini, kisha akarudia palepale, kwa pumzi chache alizobaki nazo. Mume alipoanguka akamruka, akaenda kuchimba huku akitema damu.

Jumatatu asubuhi alinikuta kazini, mkono umefungwa plasta. Akafungua leso.

"Mwanangu, udongo umeingia?"

"Haujaingia, mama. Nta haipitishi."

Nilikituma siku ileile. Majibu yakarudi: kasoro ipo. Akaanza vidonge.

Kesi ilisikilizwa miezi minne baadaye. Hakimu akamuuliza Mathuso kama anamwombea mumewe huruma. Alisimama akasimulia yote, robo saa nzima, hakukohoa hata mara moja. Lebitsa alikuwa akimkodolea macho.

"Afungwe tu, mheshimiwa," akamaliza. "Akitoka atanikuta."