Kola ishirini na mbili zilizompeleka fundi hospitali

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. Chai iko mezani, imefunikwa kwa kisahani, na Fundi Kola haigusi.

Amekwisha kumeza kidonge kimoja kidogo cheupe kwa maji matupu, na sasa ni lazima saa nzima ipite kabla kitu kingine hakijaingia tumboni. Saa hiyo anaitumia kushona matundu ya vifungo kwa mkono, mashati sita ya walinzi yamemlalia mapajani. Mumewe, fundi wa kupaka rangi nyumba, anapita na kikombe chake akipuliza mvuke kwa makusudi.

"Loo, leo imekolea kweli," anasema.

"Endelea tu, baba Kifungo. Hiyo ovaroli yako utajifulia mwenyewe," anajibu mkewe bila kuinua macho, na wote wawili wanaangua kicheko.

Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kiwanda. Kuna cherehani mbili, moja ya kukanyaga na moja ya umeme, meza ya kukatia iliyojaa makovu ya mkasi, pasi, na dirisha linalotazama barabara. Fundi Kola ana miaka thelathini na tisa, na kumi na saba kati ya hiyo ameimalizia kwenye kola: mashati ya walinzi, sare za wanafunzi, magauni ya wauguzi. Wateja ndio waliombandika jina hilo, na siku hizi hata mama mkwe wake hamwiti vingine.

"Kola ndiyo inayomuumbua fundi," anasema. "Suruali ikipinda, shati litaifunika. Kola ikipinda utaificha wapi?"

Na kola ndizo zilizomuumbua kweli. Anamshukuru Mungu kwa aibu ile hadi leo.

Miaka mitatu iliyopita, zahanati iliyo mwisho wa barabara yao ilimpa kazi ya sare ishirini na mbili. Mteja mmojammoja humpima kwa tepu, lakini kwa oda za jumla alikuwa na njia ya mkato aliyoachiwa na shangazi yake, aliyemfundisha kazi: saizi ya kati ni shingo yako mwenyewe. Unazungusha utepe wa kitambaa shingoni, unapenyeza vidole viwili, unakata. Ndogo unapunguza inchi moja, kubwa unaongeza moja. Kwa miaka kumi na minne shingo yake haikuwahi kumwangusha.

Sare ziliondoka Jumatatu. Jumatano muuguzi mkuu wa zahanati alizirudisha kwenye mfuko, na uso wake haukuwa wa mtu aliyekuja kusalimia.

"Fundi, hizi umetushonea sisi au umewashonea ng'ombe?" aliuliza. "Kola zote zinaning'inia. Wasichana wangu wamekuwa kama wamevaa mashati ya baba zao."

"Haiwezekani, sista. Saizi ya kati nimeipima kwa shingo yangu mwenyewe. Tazama!"

Akanyakua sare moja, akaivaa juu ya nguo zake, akafunga kifungo cha juu. Kola ikamkaa sawasawa. Fundi anakumbuka alivyojiona mshindi, mikono kiunoni, akingoja aombwe radhi. Lakini muuguzi alikuwa ameacha kugomba. Macho yake yalikuwa yamenasa shingoni.

"Hebu fungua hicho kifungo. Inua kidevu," akasema kwa sauti ya chini. "Meza mate."

Fundi akameza.

"Meza tena."

Upande wa kulia, chini kidogo ya koo, uvimbe wenye ukubwa wa ndimu ulipanda na kushuka. Tepu ikatolewa. Shingo iliyokuwa inchi kumi na tatu na nusu ilikuwa imefika kumi na tano.

"Nikaanza kumwomba radhi kwa zile kola," anasimulia. "Akaniambia, achana na kola wewe, kesho saa mbili uwe kwangu."

Ilikuwaje watu wa nyumba moja wasione? Mumewe anajikuna kichwa. Uvimbe ulikua taratibu, hauumi, na kila siku alikuwa anamwona mkewe yuleyule. "Nilifikiri ni unono wa ndoa," anasema. "Nikawa najisifu kwa wenzangu kazini."

Muuguzi aliwaelezea kwa lugha nyepesi. Mbele ya koo kuna tezi ndogo, thairoidi, inayotengeneza homoni inayouamulia mwili uende kwa kasi gani: moyo upige vipi, joto litoke kiasi gani, chakula kitumike vipi. Uvimbe mwingi wa tezi hiyo si saratani, alisema, lakini hakuna uvimbe wa kuuangalia kwa macho tu na kuuacha.

Damu ilipimwa, homoni zikatoka sawa kabisa. Fundi akashangilia, akataka kurudi kwenye cherehani yake. Muuguzi hakumwachia. Alimwambia homoni zinaweza kuwa sawa na uvimbe usiwe salama, akamwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa. Huko walimpiga altrasaundi ya shingo, kisha wakachoma uvimbe kwa sindano nyembamba na kuchukua chembechembe za kupima. Majibu yalichukua siku kumi na mbili.

Daktari mpasuaji hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alimwambia ni saratani. Alimwambia pia kwamba ni ya aina inayokwenda polepole, na kwamba wengi wanaoiwahi huishi miaka mingi.

"Mimi nilisikia neno la kwanza tu," anasema Fundi. "Hayo mengine aliongea na ukuta."

Binti yao, wanayemwita Kifungo, wakati huo alikuwa na miaka mitano. Hapo sauti ya Fundi inashuka, sindano inasimama.

"Kufa kwenyewe sikukuogopa sana. Niliogopa mwanangu asinijue. Mtoto wa miaka mitano atakumbuka nini? Nilikuwa namwangalia amelala, najiuliza huyu atakuwa na urefu gani, nani atamwambia sketi imekuwa fupi."

Upasuaji ulichukua saa tatu na tezi yote ikatolewa. Kesho yake vidole vilikuwa vinamwasha na kufa ganzi, kwa sababu kalsiamu kwenye damu ilikuwa imeshuka, jambo linaloweza kutokea baada ya upasuaji wa aina hiyo. "Walinipa sindano ya kushonea nijaribu. Nikahisi nimeshika hewa. Nikalia kuliko siku ya majibu." Dawa za kalsiamu zilivirudisha vidole siku kwa siku.

Baadaye alimezeshwa ayodini yenye mionzi, ya kumalizia mabaki ya tezi. Kwa muda ikabidi alale peke yake na atumie vyombo vyake, na Kifungo akapelekwa kwa bibi yake. Mtoto alipiga simu kila jioni kuuliza kama mama ameshaacha kuwaka.

Cha ajabu, kilichokaribia kumshinda hakikuwa kisu wala mionzi. Ilikuwa chai.

Mtu akishatolewa tezi, kazi yake hufanywa na kidonge, kila siku, maisha yote. Fundi alipewa chake na kuelekezwa. Lakini mwezi wa tano baada ya upasuaji, mwili ulianza kupoa. Anavaa sweta saa sita mchana, ngozi imekauka, nywele zinabaki kwenye kitana, usingizi unamkuta mguu uko kwenye cherehani. Zamani alikuwa anatoa mashati manane kwa siku. Sasa mawili, tena kwa kusukumwa. Siku moja alishona shati lenye mikono miwili ya kushoto na kulikunja vizuri kabisa bila kugundua.

"Nilijua imerudi," anasema mumewe, na hapa hatanii. "Nilikuwa naenda kupaka rangi kuta za watu huku machozi yananitoka."

Alimshika mkewe mkono hadi zahanati. Muuguzi mkuu alisikiliza, akatazama majibu ya damu yaliyoonyesha homoni iko chini mno, akauliza swali moja.

"Kidonge unakimezaje?"

"Vizuri tu, sista. Naunganisha na vya kalsiamu, nameza na chai yangu ya maziwa, yanaisha mara moja."

"Mungu wangu, nusura nikuchape!"

Kalsiamu na maziwa hukizuia kidonge hicho kisifyonzwe tumboni, alimweleza. Miezi yote hiyo Fundi alikuwa anameza dawa na sehemu kubwa inapita bure. Tangu siku ile utaratibu ni mmoja: kidonge alfajiri kwa maji, chai baada ya saa nzima, kalsiamu zikishapita saa nne tangu kidonge. Daktari naye akarekebisha kipimo. Miezi miwili haikuisha kabla damu haijaonyesha nafuu.

"Siku niliyosikia joto nikavua sweta mwenyewe, huyu mwanaume mzima alipiga vigelegele," anasema Fundi. "Majirani wakaja kuuliza nani kajifungua."

Leo amerudi kwenye mashati saba kwa siku, na la nane akiamka na nguvu. Njia ya mkato ya shangazi ameizika. Kila shingo inapimwa kwa tepu, na mwenye shingo anaambiwa ameze mate. Baadhi hununa. Mzee mmoja aliruka nyuma akidhani ananyongwa. Hata hivyo, watu kumi na mmoja wameshatoka kwenye chumba hiki kwenda kwa muuguzi mkuu. Wengi walikutwa na goita isiyo na hatari. Mmoja, mwalimu wa kike aliyekuwa akiitwa mvivu na wakwe zake, alikutwa tezi yake imelegea kazi, naye sasa anameza kidonge kama cha Fundi.

Wiki iliyopita Fundi alikuwa tena mbele ya daktari mpasuaji. Altrasaundi ya shingo ni safi, damu haina dalili ya saratani. Amezoea kuambiwa arudi baada ya miezi sita. Safari hii kaambiwa mwaka mzima.

Akiwa na mwaka mkononi, ameinama chini ya meza ya kukatia na kuvuta sanduku la bati ambalo hata mumewe hakuwahi kulifungua. Ndani mna magauni sita yaliyopigwa pasi, kila moja limebandikwa karatasi: miaka saba, minane, kumi, kumi na miwili, kumi na mitano. La sita ni jeupe, la bibi harusi, halina karatasi.

"Niliyashona nikingoja majibu, nikamaliza kabla ya upasuaji," anasema. "Nikamdanganya baba yake kuwa ni oda. Urefu nilikisia kwa mawifi zangu, maana ukoo ule ni warefu wote."

Kifungo anatoka shule saa nane, sasa ana miaka minane kamili. Mama yake anamvisha gauni lenye karatasi ya minane. Zipu inagoma katikati ya mgongo, na upindo unaishia juu sana ya magoti. Fundi anarudi hatua mbili, anamtazama kutoka juu hadi chini, kisha anacheka hadi anaketi.

"Mwanangu, nilikukadiria mfupi!"

Magauni yote atayagawa kwa watoto wa wateja wake, anasema, hata lile jeupe. Kifungo atamkatia jipya leo hii. Anachukua tepu na daftari.

"Simama wima, mama. Usinyanyue visigino."

Mabega, kifua, kiuno, urefu. Kifungo anahesabu inchi kwa sauti, halafu anamgeukia mama yake.

"Mama, andika na za mwakani kabisa."

"Za mwakani tutazipima mwakani," anasema Fundi, na anafunga daftari.